Uchachu na Magadi Katika Udongo wa Shamba

Mkulima wa Usukuma, uonapo mahindi yako yamepauka, usiharakishe kusema kwamba mvua ndiyo yenye kosa. Huenda udongo wenyewe umepotoka kipimo chake. Kipimo hicho huitwa pH. Nambari 7 ni katikati. Chini ya 7 udongo una uchachu kama maji ya ndimu, na juu ya 7 umeelekea magadi. Mazao mengi ya chakula hupenda kati ya 5.5 na 7. Tena ujue ya kuwa hatua moja ni mara kumi: udongo wa 5 una uchachu mara kumi kuliko ule wa 6.

Wazee wetu hawakuwa na nambari hizo, lakini waliupa kila udongo jina lake, wala hawakukosea. Juu, karibu na mawe, ni luseni, mchanga mwepesi. Ukiteremka wafika penye ibambasi na itogolo, kisha mbuga nyeusi. Mtaalamu Geoffrey Milne wa Amani, mwaka 1935, aliufananisha mpango wa namna hii na mnyororo. Maji ya mvua huiosha luseni na kuchukua chokaa na chumvi zake hata bondeni; luseni hubaki na uchachu. Bondeni jua huyakausha maji, magadi husalia. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na mashamba mawili yaliyo karibu, kila moja na ugonjwa wake.

Sikia kosa langu. Katika ujana wangu nilitia majivu katika luseni, mahindi yakastawi. Mwaka wa pili nikayapeleka majivu kwenye ibambasi. Baada ya mvua ya kwanza udongo ulifunga kama sakafu, mbegu zikashindwa kutoboa, na nyumba yangu ikala chakula cha kununua. Majivu huondoa uchachu, lakini penye magadi huongeza maradhi.

Basi jaribu kwanza. Twaa bonge dogo la udongo mkavu, uliweke taratibu katika glasi ya maji ya mvua, wala usikoroge. Yawe ya mvua hasa, kwa maana maji ya kisima yenye chumvi hudanganya. Litazame baada ya saa mbili, na tena kesho yake. Likizungukwa na wingu kama maziwa, magadi yamo. Ukitaka nambari yenyewe, mpe bwana shamba udongo upimwe.

Luseni itie samadi kila upatapo, na majivu au chokaa kidogo. Jihadhari na salfeti ya amonia: ikitiwa mwaka hata mwaka huzidisha uchachu.

Ibambasi haitaki chokaa, yataka jasi. Jasi huyatoa magadi katika chembe za udongo, kisha sharti maji yayachukue. Pasipo mfereji, fedha yako imepotea. Nayo jasi ni nzito, na gharama ya kuichukua si ndogo. Kwa mkulima mdogo naona ni heri kupiga tuta na kufanya jaluba la mpunga, kwa sababu maji yanapotuama kipimo hushuka na kukaribia 7. Kiraka changu kile kilichoharibiwa na majivu sasa ni jaluba, nasi twala wali wake.