Kufundisha Kitanzi na Kigeu: Amri Moja kwa Mafaili Mengi

Mwalimu anayefundisha somo la kompyuta katika shule ya msingi hana budi kuzielewa dhana zake kabla ya kuyakariri majina yake. Katika makala hii tunakusudia kueleza dhana mbili, yaani kitanzi na kigeu, kama zinavyotumika katika skripti za kuundia programu, na kuonyesha jinsi zinavyoweza kufundishwa. Skripti ni orodha ya amri zilizoandikwa mapema, ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine bila kungoja mtu.

Asili ya skripti hizi

Mwaka 1976 Stuart Feldman, aliyekuwa akifanya kazi katika Maabara za Bell nchini Marekani, alitunga programu iitwayo Make. Mwenzake, Stephen Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu aliyokwisha kuisahihisha. Kumbe faili lililosahihishwa halikuwa limetafsiriwa upya katika lugha ya mashine. Make hulinganisha nyakati ambazo mafaili yalibadilishwa, kisha hutafsiri upya yale tu yanayohitaji kutafsiriwa. Hivyo kazi ya kukumbuka ikahamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine.

Kitanzi na kigeu

Tuseme wanafunzi wa darasa moja wameandika hadithi 40, kila hadithi katika faili lake, nasi twataka kuyageuza mafaili yote yawe tayari kwa kupigwa chapa. Asiyejua kitanzi ataandika amri 40. Ikiletwa hadithi ya 41, itaachwa nje ya kitabu mpaka mtu akumbuke kuiongeza. Anayejua kitanzi ataandika hivi:

Kwa kila FAILI lililomo katika folda ya HADITHI, geuza FAILI.

Neno FAILI hapa ndilo kigeu. Ni jina lisilobadilika, linalobeba thamani inayobadilika kila mzunguko.

Darasani, dhana hii ianze na vitu vinavyoshikika. Mwalimu aweke mezani sanduku lililoandikwa DAFTARI, na kando yake madaftari matano. Mwanafunzi mmoja atie daftari moja sandukuni. Wa pili asome amri, "Andika tarehe juu ya DAFTARI". Wa tatu aitekeleze. Daftari hilo litolewe, litiwe jingine, mpaka yote yaishe. Kisha mwalimu aulize: Je, jina la sanduku limebadilika? Na kilichomo je? Majibu ya wanafunzi ndiyo yatakayozaa maana ya kigeu, wala si maelezo ya mwalimu.

Kupitisha thamani

Hapa ndipo wanaojifunza hukwama zaidi. Make haitekelezi amri yenyewe, bali huikabidhi kwa programu iitwayo sheli. Kwa kawaida kila mstari wa amri hupewa sheli mpya. Kwa hiyo thamani iliyowekwa katika mstari wa kwanza haijulikani katika mstari wa pili, kama vile tarishi wa leo asivyojua aliloagizwa tarishi wa jana. Kitanzi chote hakina budi kuandikwa kama mstari mmoja.

Tena, programu inapoanzishwa na nyingine hupokea nakala tu ya vigeu ilivyopitishiwa. Ikiibadili nakala hiyo, thamani ya asili haiguswi. Mwalimu aandike namba ubaoni, mwanafunzi ainakili katika karatasi na kumpelekea mwenziwe aliye nje, naye aiongeze kwa 5. Darasa litaona wazi kwamba namba ya ubaoni imebaki vilevile. Tukitaka jibu lirudi, yatupasa kuagiza lirudishwe.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni nafasi katika jina. Faili liitwalo Barua ya Mzazi, kigeu chake kisipotiwa ndani ya alama za kunukuu, sheli huliona kuwa mafaili matatu: Barua, ya, na Mzazi. Huyatafuta yote matatu, isilipate hata moja.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kigeu kitupu. Mwezi wa Januari 2015 iligunduliwa kwamba skripti ya programu ya michezo ya Steam, katika kompyuta za Linux, ilikuwa na amri ya kufuta kila kilichomo katika folda iliyotajwa na kigeu. Kigeu kilipokosa thamani, amri ilisomeka kuwa kufuta kila kitu tangu mzizi wa mfumo wa mafaili. Baadhi ya watumiaji walipoteza mafaili yao. Kompyuta ilitii maneno yaliyoandikwa. Haikuwa na njia ya kujua yaliyokusudiwa.

Hitimisho

Basi mwanafunzi azoezwe kujiuliza maswali matatu kabla ya kuendesha skripti: Kigeu hiki kinabeba nini sasa? Kimepitishwa kwa nani? Kikiwa kitupu, amri itafanya nini? Pia azoee kuiagiza kompyuta ionyeshe kwanza majina ya mafaili yote itakayoyagusa, ayasome, ndipo aweke amri ya kugeuza au kufuta. Mazoea haya yakijengwa mapema katika kazi ndogo za darasani, yatamlinda atakapokabidhiwa mafaili ya watu wengine.