Jua la Stockholm sebuleni Dar es Salaam

Kwenye mabango ya nyumba zinazouzwa kabla msingi haujachimbwa, sebule huwa ni ile ile. Sofa ya kijivu, zulia jeupe, bakuli la ndimu juu ya meza ya kioo, na ukanda wa jua la dhahabu uliolala sakafuni kutoka dirishani hadi ukuta wa mbali. Kila kitu kimechorwa kwa ustadi, hata nyuzi za zulia zinahesabika, lakini mtazamaji anahisi kuna jambo halijakaa sawa. Ukimwuliza ni lipi, atakujibu tu kwamba picha inaonekana ya kompyuta. Wachoraji wengi huitibu kasoro hiyo kwa kuongeza: samani zaidi, picha kubwa zaidi, programu ya bei kubwa zaidi. Naona wanaongeza pasipopungua. Chumba cha kompyuta hufia kwenye mwanga, hasa ule ambao haukutoka moja kwa moja kwenye taa wala kwenye jua, uliokwisha kugonga kitu kingine kabla ya kulifikia jicho. Na mwanga wa namna hiyo una kwao. Ukiuazima kutoka nchi nyingine, unajulikana.

Ushahidi wa jambo hili una umri mkubwa kuliko wengi wa wachoraji wenyewe. Mwaka 1984, Cindy Goral, Donald Greenberg na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha njia ya kukokotoa mwanga unaorushwa huku na huko kati ya nyuso butu, zile zisizong'aa. Mfano wao ulikuwa sanduku tupu: ukuta mmoja mwekundu, wa pili wa bluu, zilizobaki nyeupe. Hapakuwa na samani, kitambaa wala pambo. Lakini weupe uliopakana na ukuta mwekundu ulikuwa umeambukizwa wekundu kidogo, kama shati jeupe linavyofanya mtu akisimama karibu na gari jekundu juani. Miaka 2 baadaye watafiti wa chuo hicho waliunda sanduku halisi maabarani, wakaweka kando yake picha ya kompyuta ya sanduku hilo hilo, kisha watu wakaviangalia vyote viwili kupitia kamera. Walipoulizwa kipi ni kitu cha kweli, majibu yao hayakuwa bora kuliko kubahatisha. Kisanduku kisicho na samani hata moja kilipita mtihani ambao sebule ya bango, pamoja na vikorokoro vyake vyote, inaufeli kila siku.

Mwaka huo huo wa 1986, mtafiti James Kajiya aliandika mlinganyo ambao programu za leo bado zinauhangaikia. Ukiusema kwa maneno ni mfupi: mwanga unaotoka kwenye nukta yoyote ni ule ambao nukta hiyo inautoa yenyewe, ukijumlisha na sehemu inayoirudisha kwetu ya mwanga wote unaoifikia kutoka kila upande. Ugumu wake ni kwamba huo unaoifikia nao umetoka kwenye nukta nyingine zinazosubiri hesabu ile ile. Ukuta unaangazwa na ukuta, nao unaurudishia mwenzake. Kompyuta haiwezi kuifuata miale yote, kwa hiyo hurusha baadhi kwa nasibu, huitazama inavyodunda, kisha huchukua wastani. Ndiyo sababu picha isiyoiva huwa na chenga, na kuzipunguza kwa nusu kunadai miale mara 4. Hapo ndipo saa za kompyuta huishia.

Hesabu hiyo inafichua kosa la kawaida kuliko yote, nalo ni weupe. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Baada ya mdundo wa pili hubaki 64, na baada ya wa tano kama 33. Ukijumlisha midundo yote ndani ya chumba kilichofungwa, unapata mwanga mara 5 ya ule ulioingia mwanzo. Kuta zikiwa za asilimia 50, unapata mara 2 tu. Yaani kopo la rangi peke yake linaweza kukipa chumba mwanga mara mbili na nusu, bila kuongeza taa hata moja. Sasa mchoraji anayevuta kitufe cha weupe hadi mwisho, asilimia 100, ameunda ukuta ambao haupo duniani, usiomeza mwanga hata chembe. Miale inazunguka bila kuchoka, pembe za chumba zinakosa kivuli, kabati linaelea juu ya sakafu, rangi zinapauka kama kanga iliyosahaulika kambani mwezi mzima. Naye, akidhani taa zimezidi, anazipunguza, na chumba kinakuwa na giza lakini ukungu wake uko pale pale. Dawa ni kurudisha ukuta kwenye 80 au hata 75. Hakuna programu ya bei kubwa inayoweza kumfanyia hilo asipojua.

Turudi kwenye ule ukanda wa jua la dhahabu. Ukanda mrefu namna hiyo kwao ni kaskazini ya mbali. Stockholm, Uswidi, iko karibu digrii 59 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba, adhuhuri, jua huko huwa digrii 7 tu juu ya upeo. Kwenye dirisha la kusini ambalo juu yake ni mita 2.1 kutoka sakafuni, mwale unaweza kusafiri zaidi ya mita 16 ndani kabla ya kugusa sakafu. Unavuka sebule nzima na kupanda ukuta. Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 7 kusini ya ikweta, jua la saa sita mchana halishuki chini ya kama digrii 60 mwaka mzima. Hata lile la Juni la Stockholm, la juu kuliko yote huko, haliifikii adhuhuri ya chini kabisa ya Dar. Dirisha lile lile, likielekea kaskazini, mwezi Juni litaingiza jua mita 1.2 tu, na paa likichomoza nje mita 1 usawa wa juu ya dirisha, kinachobaki ni sentimita 20 hivi. Mwezi Desemba dirisha hilo halipati jua la mchana kabisa, kwa kuwa jua limehamia kusini. Mtu aliyezoea nyumba za pwani hana haja ya hesabu hii kutilia shaka bango. Macho yake yamekwisha kumwambia kwamba mchana jua haliingii hivyo.

Atatokea wa kusema kwamba asubuhi na jioni jua huingia vizuri tu. Ni kweli, kwa madirisha ya mashariki na magharibi, na mchoraji mwenye busara ataitumia nafasi hiyo. Lakini karibu na ikweta jua hupanda wima kama mkwezi: kila saa hupata digrii zinazokaribia 15, kwa hiyo rangi ya dhahabu ni ya dakika chache, si ya alasiri nzima kama kaskazini wakati wa baridi. Saa nyingi za mchana, mwanga wa sebule ya pwani hutoka kwingine, kwenye ardhi. Jua la utosini linapiga uwanja, mchanga, saruji ya kibaraza, kisha linarudi juu kupitia dirishani na kugonga dari. Dari jirani na dirisha inakuwa na mwanga zaidi kuliko sakafu, nayo inachukua rangi ya kilicho chini nje: weupe wa mchanga wa Bagamoyo, ukijani wa nyasi, uwekundu wa udongo wa bara. Wachoraji wengi hawachori uwanja kabisa. Nje ya dirisha wanaacha utupu wenye picha ya anga, mwanga wa kutoka chini unakosekana, dari inakuwa ya kijivu kama moshi, nao wananing'iniza kwa siri taa za bandia kufidia. Hizo taa ndizo zinazoipa picha ule usawa wa dukani, kila kona na mwanga wake na hakuna ajuaye umetoka wapi. Uwanja wa mita 20 wenye rangi sahihi, usioonekana hata kidogo kwenye picha, ungemaliza kazi.

Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni kipimo kizuri kwa yeyote anayejidai kuujua mwanga huu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko. Vimepangwa sambamba kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, yaani kumbi za kukaa, kisha ndani, chumba cha nyuma, ambako ukuta umejaa zidaka, vile vishubaka vya plasta. Jua linapiga kuta za kiwanda, na kutoka hapo mwanga unapokezanwa kwa chokaa, chumba hadi chumba, ukipungua kila hatua. Ukiichora nyumba hiyo katika kompyuta na kuiruhusu miale idunde mara 2 tu, ndani kutakuwa kama pango. Ukiiruhusu mara 10 au zaidi, zidaka zinajitokeza zenyewe, kila kimoja na kivuli laini upande wa ndani. Hakuna taa iliyoongezwa na hakuna samani iliyonunuliwa.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo jicho huyajua na mchoraji huyasahau. La kwanza ni tofauti ya nje na ndani. Jua kali la mchana hufikia lakisi 100,000, kwa kipimo cha mwanga unaoangukia uso. Sebule yenye mwanga mzuri ina mia chache. Kamera haiwezi kuvipokea vyote viwili kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo dirisha lazima lichomwe na mwanga kidogo. Bustani inayoonekana dirishani kwa rangi kamili huku sebule nayo ikiwa angavu ni bango lililobandikwa kwenye fremu. La pili ni mng'ao. Tazama marumaru chini ya miguu yako, huoni taswira ya kitu. Tazama yale yaliyo karibu na mlango wa mbali, yanaakisi mlango kama maji. Kioo kinachotazamwa uso kwa uso hurudisha karibu asilimia 4 tu ya mwanga kwenye kila uso wake, lakini kikitazamwa kwa mlazo hurudisha karibu wote. Sakafu inayong'aa sawasawa pote ni ya plastiki, na plastiki haidanganyi mtu.

Je, uhai? Hapa ndipo bakuli la ndimu, kikombe cha kahawa na kitabu kilichofunguliwa huitwa kazini, nami sina ugomvi na vitu hivyo ila vimechoka. Uhai hauji na kitu kilichovurugwa tu. Huja na mvurugo wenye sababu. Kiti kimesogea nyuma kwa kuwa mtu amenyanyuka. Mto wa kochi umebonyea upande unaotazama televisheni. Pazia limevimba kwa sababu dirisha la luva liko wazi, na chandarua kilichofungwa fundo kinaning'inia wima kwa kuwa upepo haukifikii. Ukingo wa meza nao hauwi mkali kama wembe: una mviringo wa milimita 1 au 2, na mviringo huo ndio unaoshika uzi mwembamba wa mwanga. Kitambaa cha kushona kwa mkono mgongoni mwa kochi, pangaboi, kebo ya soketi inayopita nyuma ya kabati: mwenye nyumba anavijua hivyo, na bango halivijui.

Wauzaji watanijibu kwamba mteja hanunui ukweli, ananunua ndoto. Jibu hilo lina uzito mdogo kuliko linavyosikika. IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi ambayo biashara yake ni kutamanisha, ilianza kuingiza samani za kompyuta kwenye katalogi yake mwaka 2006 kwa kiti cha mbao kiitwacho Bertil, na kufikia 2014 kampuni ilieleza kwamba kama asilimia 75 ya picha zake za bidhaa zilikuwa za namna hiyo. Ili zifae, iliwafundisha wapiga picha kazi ya kompyuta, na watu wa kompyuta kazi ya kamera. Waliokuwa wakichora wakajifunza kutazama. Tena picha ya mwanga wa kweli inafanya kazi ambayo ndoto haiwezi. Radiance, programu ambayo Greg Ward aliianza miaka ya 1980 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, hukokotoa lakisi zitakazokifikia kila kipande cha chumba, ili msanifu ajue kabla ya kujenga kama dirisha linatosha. Ukanda wa dhahabu wa bango ungemwambia mnunuzi kwamba linatosha, naye angegundua akiwa tayari amelipa.

Na wale wanaosema akili bandia imemaliza habari hii, kwamba sasa unaandika sentensi moja na sebule inatokea? Picha hizo mara nyingi hupendeza. Lakini mtambo unaozitoa haufuati mwale hata mmoja. Unarudia mazoea ya picha ulizolishwa, na mazoea hayo hayaulizi kiwanja chako kiko digrii ngapi. Uuombe kusogeza dirisha mita moja, unaweza kukuletea chumba kingine. Kwa kutafuta wazo, sawa. Kwa nyumba inayokwenda kujengwa, bado ninamtaka anayejua jua linachomoza upande gani.

Kwa hiyo, unayekabidhiwa picha ya nyumba yako ijayo, kabla hujasifu sofa, mwulize mchoraji maswali mawili: dirisha hili linaelekea wapi, na hapa ni saa ngapi ya mwezi gani? Akishindwa kujibu, mrudishie picha, na usimlipe malipo ya mwisho.