Picha ya bao imecheza? Tazama namba hizi mbili kabla hujailaumu kamera

KWENYE mechi za ndondo za Magomeni siku hizi kuna watu wawili wanaosakwa na wachezaji filimbi ya mwisho ikishalia. Wa kwanza ni yule mwenye bahasha ya posho. Wa pili ni kijana mwenye kamera shingoni.

“Bro, kile kichwa umekipata?” Ndiyo swali lenyewe. Kijana anaanza kurudisha picha nyuma kwenye kioo, wachezaji wamemzunguka kama wanatazama marudio ya VAR. Bao limo. Kipa yumo, kalala chini. Lakini straika hana sura, ni kivuli kilichovaa jezi. Picha imecheza.

Kwa mchezaji wa mtaani hiyo siyo hasara ndogo. Staa wa Simba au Yanga akifunga, kamera za televisheni zimemzunguka kila kona na bao lake litarudiwa wiki nzima. Huyu wa ndondo hana marudio. Picha ile ndiyo anayoitegemea kuituma kwa kocha wa timu ya Championship na kuiweka ‘status’ ili watu wajue yupo. Na kwa mpigapicha, picha iliyocheza hainunuliwi hata kwa bei ya soda.

Kamera nyingi zinazobebwa na vijana hawa ni zile za kuanzia, kama Canon EOS 4000D, zikiwa na lenzi moja fupi iliyokuja nazo ndani ya boksi. Wengine wamezinunua zikiwa zimeshatumika. Na karibu wote wanaanza kwa kuacha gurudumu la juu kwenye alama ya otomatiki, kisha wanaomba Mungu.

Otomatiki siyo mbaya kwa harusi au picha ya pasipoti. Ubaya wake ni kwamba kamera haijui mpira. Inapima mwanga basi, haina habari kwamba winga anakata kona kwa kasi. Anayejua ni wewe, na ndiyo maana kuna namba mbili inabidi uzishike mwenyewe.

MLANGO NA TUNDU

Namba ya kwanza ni spidi ya shata. Shata ni mlango ulio ndani ya kamera. Unafunguka, mwanga unaingia, unafungwa. Ukiona 1/60 maana yake mlango ulikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Unaweza kudhani ni muda mfupi sana. Kwa michezo, hapo mlango umelala wazi.

Mchukue Filbert Bayi. Februari 2, 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Piga hesabu utakuta alikuwa anakula kama mita 7 kila sekunde. Ukimpiga picha akipita mbele yako kwa 1/60, kabla mlango haujafungwa ameshasogea karibu sentimita 12. Hapo sura inafutika. Kwa 1/1000 anakuwa amesogea milimita 7 tu, na utazihesabu nyuzi za viatu vyake.

Mpira wenyewe ni mkorofi zaidi. Shuti la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Kwa 1/250 mpira unachora mstari wa sentimita 11. Kwa 1/1000 unachora chini ya sentimita 3, na bado unaonekana ni mpira. Ndiyo maana kwa soka watu wanaanzia 1/1000, na wakibanwa sana wanashuka mpaka 1/500.

Namba ya pili ni apecha, yaani tundu la lenzi. Linafanya kama mboni ya jicho: gizani linapanuka, juani linabana. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lakini hakuna mazingaombwe, ni hesabu za kugawanya tulizofanya shule ya msingi. f/2 maana yake urefu wa lenzi umegawanywa kwa 2. Lenzi ya milimita 50 inakupa tundu la milimita 25. Ukiweka f/8, hiyo 50 inagawanywa kwa 8, na tundu linabaki kama milimita 6.

Namba zenyewe zinakwenda hivi: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila ukisogea hatua moja kwenda kulia mwanga unapungua nusu. Na shata ukitoka 1/250 kwenda 1/500, mwanga nao unapungua nusu. Kwa hiyo ukibana mlango hatua moja, fungua tundu hatua moja, na picha itabaki na mwanga uleule. Ukishaielewa sentensi hiyo, kazi kubwa umeimaliza.

Tundu lina kazi nyingine pia. Likiwa wazi sana, kinachokaa kwenye fokasi ni kipande chembamba tu, na nyuma yote inayeyuka. Kwa viwanja vyetu hiyo ni neema. Nyuma ya straika kuna bodaboda zimepaki, kuna nguo zimeanikwa, kuna muuza miwa na mkokoteni wake. Ukifungua tundu, vyote hivyo vinakuwa ukungu na straika anabaki peke yake.

Baada ya hizo mbili kuna ISO, msaidizi wao. Ukiipandisha, kamera inaona vizuri zaidi gizani lakini picha inaanza kuwa na chenga kama televisheni za zamani antena ikigeuka. Vijana wengi wanaziogopa chenga kuliko wanavyoogopa picha kucheza. Mimi naona wamegeuza mambo. Picha yenye chenga inatazamika kwenye simu na hata gazetini inapita. Iliyocheza hakuna fundi wa kuirudisha.

JUA LA SAA 10 SI LA SAA 12

Mechi ya mtaani inaanza saa 10 jioni, wakati mwingine inachelewa kwa sababu refa yuko kwenye foleni. Jua bado kali. Kwa ISO 400 na tundu f/5.6 unapata 1/1000 na zaidi bila jasho, na kila picha inatoka imenyooka. Kijana anaamini ameshaiva.

Kipindi cha pili jua linaanza kuzama upande wa Ubungo. Tuseme mwanga umeshuka mara nane. Kama hukugusa kitu, na gurudumu liko kwenye otomatiki, kamera inaweza kukushusha taratibu kutoka 1/1000 mpaka 1/125 bila kukuambia. Na mabao ya ndondo yanapenda dakika za lala salama. Hapo ndipo kile kichwa kinapogeuka kivuli.

Dawa ni kuipandisha ISO: 400, 800, 1600, 3200. Hizo ni hatua tatu, kila moja inaongeza mwanga mara mbili, na umerudi kwenye 1/1000 yako.

Kwa anayeanza, njia rahisi ni kuweka gurudumu kwenye Tv kama kamera ni Canon, au S kama ni Nikon. (Hiyo Tv haihusiani na televisheni, ni muda wa mlango.) Weka 1/1000, ISO iache ijipange yenyewe, tundu kamera itakutafutia. Kwa Canon, ukiona namba ya tundu inawakawaka ujue mwanga umeisha na tundu limefika mwisho. Shuka 1/800, kisha 1/500. Ukifika 1/250 anza kucheza kwa akili.

Akili yenyewe ni hii: mwili hauendi kasi ileile muda wote. Mchezaji akiruka kupiga kichwa, kuna sehemu ya juu kabisa ambapo anakuwa kama ametundikwa. Hapandi tena, bado hajaanza kushuka. Hapo hata 1/250 inamnasa. Halafu mtu anayekuja moja kwa moja kwenye lenzi anacheza kidogo kuliko anayekatiza mbele yako. Wale wapigapicha wenye vizibao unaowaona Uwanja wa Benjamin Mkapa wamekaa nyuma ya goli wanafuata sura za wanaoshangilia, lakini hilo nalo lipo.

Na usitegemee kupiga mfululizo kama bunduki. Kamera kama 4000D inatoa picha 3 kwa sekunde. Lile shuti letu la kilomita 100 kwa saa, kati ya picha moja na nyingine linakuwa limesafiri zaidi ya mita 9. Penalti ni mita 11. Yaani picha ya kwanza mpira uko mguuni, ya pili unamfikia kipa, na tukio lote la katikati hukulipata. Inabidi ubonyeze kabla, mguu ukiwa bado nyuma.

NGUMI NI MTIHANI MWINGINE

Magomeni na jirani zake Manzese ni mpira na ngumi. Ukumbi wa Travertine pale Magomeni na Friends Corner kule Manzese wapenzi wa masumbwi wanavijua. Mwanga wa kumbi za aina hiyo jichoni unaonekana mwingi, lakini kwa kamera ni jioni tupu.

Lenzi ya boksini, ile 18-55, imeandikwa mbele 1:3.5-5.6. Watu hawasomi. Maana yake ukiivuta mpaka 55 tundu haliwezi kuzidi f/5.6, lakini ukiiacha kwenye 18 linafika f/3.5, na hapo unapata mwanga zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo ukumbini usivute. Sogea. Omba upenyo kwenye kona ya ulingo na upige kwa upana.

Mwenye akiba kidogo atafute lenzi ya 50 yenye f/1.8. Ni ndogo na haivuti kabisa, lakini ukilinganisha na f/5.6 inapitisha mwanga karibu mara kumi. Pale ulipokuwa umekwama kwenye 1/100, sasa uko jirani na 1/1000. Kwa maoni yangu ndiyo lenzi ya kwanza ya kununua kabla ya begi na madoido mengine.

Ila kuna mtego. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya haraka inaona, ndiyo maana picha moja inatoka njano, ya pili ina mstari mweusi katikati, ya tatu nzuri. Wengi hukimbilia kusema kamera mbovu. Siyo kamera, ni taa. Kwa 1/100 unaukwepa mtego huo, lakini glovu itakuwa wingu. Hakuna njia ya mkato: piga nyingi kwa spidi ya juu, utatupa nyingi. Au subiri ngumi itue. Glovu ikishagota shavuni husimama kwa muda mfupi sana, na jasho linaruka. Ndiyo picha.

MAZOEZI NI MOROGORO ROAD

Huhitaji mechi ili ujifunze. Simama pembeni ya barabara Magomeni Mapipa, sehemu ya waenda kwa miguu, upige mabasi ya mwendokasi. Basi la kilomita 40 kwa saa linasogea sentimita 37 ndani ya 1/30, na sentimita 1 tu ndani ya 1/1000. Piga basi moja kwa 1/1000, linalofuata kwa 1/500, jingine kwa 1/125, jingine kwa 1/30. Nyumbani zipange kwa mstari uone mahali linapoanza kuyeyuka.

Halafu geuza zoezi. Weka 1/30, mfuate bodaboda kwa kamera, mwili uzunguke naye kwa kasi yake, bonyeza huku unaendelea kuzunguka. Ukipatia, bodaboda anasimama wima na Magomeni yote nyuma yake inakuwa mistari. Mara ishirini za kwanza hutapatia. Na lenzi uielekeze barabarani, siyo kituo cha polisi, tusije tukaulizana maswali.

Waliotutangulia hawakuwa na anasa hii. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963 kabla jina lake halijazunguka dunia, alitokea enzi za filamu. Mkanda una picha 36, ISO imeshaamuliwa na kiwanda, na matokeo unayaona baada ya kusafisha. Simba ilipoichapa Yanga 6-0 Julai 19, 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu, mwenye kamera siku ile alikuwa anabahatisha kila mbonyezo. Wazee wa Msimbazi wanayasimulia mabao yale kwa mikono. Yanga ilipolipa 5-1 Novemba 5, 2023, picha zilikuwa kwenye simu zetu kabla watu hawajatoka uwanjani.

Kwa hiyo kijana wa ndondo, ukishalinasa bao kwa 1/1000, usikimbilie mwendokasi. Zunguka na daftari uulize majina yaliyokamilika, na timu ya kila mmoja. Usiandike kwa kufuata namba ya mgongoni, maana huyo namba 9 wa leo huenda jezi kaiazima.