Sindano ya Kujenga Mifupa: Tusingoje Nyonga Ivunjike

Ndugu msikilizaji, jirani yangu mmoja hapa Kimandolu, bibi mwenye umri wa miaka 74, alianguka asubuhi moja ya masika alipotoka kuwapa kuku chakula. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala hakugongwa na bodaboda. Aliteleza tu kwenye kizingiti cha mlango wake, akaangukia ubavu, na nyonga ikavunjika. Sisi majirani tulikwenda kumpa pole, na kila mmoja wetu akasema lile linalosemwa siku zote: "Ni uzee tu."

Tulipokuwa tumekaa kando ya kitanda chake, mwanawe akanikumbusha jambo. Miaka miwili kabla ya hapo, Bibi huyo huyo aliwahi kuteleza akajizuia kwa mkono, na mfupa ukavunjika karibu na kiganja. Alipigwa picha, akafungwa P.O.P., na wiki kadhaa baadaye ikaondolewa, naye akarudi kwenye migomba yake. Hakuna aliyeuliza, si mganga aliyemfunga, si mwanawe, wala si mimi jirani ninayejidai kuwaelimisha watu redioni: kwa nini mfupa wa mtu mzima uvunjike kwa kuteleza tu?

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya wiki hii. Jibu lake ni kwamba upo ugonjwa unaoitwa osteoporosisi, yaani mifupa kupungua na kuwa na vitundu vingi ndani hadi inavunjika kwa jambo dogo. Aidha, siku hizi zipo sindano zinazoweza kuujenga upya mfupa wa namna hiyo. Lakini sindano hizo zina utaratibu wake, na asiyeujua anaweza kupoteza fedha na mfupa pia.

Tuanze na mfupa wenyewe. Wengi wetu tunadhani mfupa ni kitu kilichokufa, kama jiwe la msingi. Sivyo. Mfupa ni kitu hai, na ndani yake mna mafundi wa aina mbili. Wako mafundi wabomoaji, ambao hula sehemu ndogo ndogo zilizochakaa, na wako mafundi wajenzi, ambao huziba mashimo hayo kwa mfupa mpya. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja kati ya kumi ya mifupa yote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, na mifupa hufikia kilele cha uimara wake mtu anapokaribia miaka 30. Baada ya hapo hesabu huanza kugeuka taratibu.

Kwa akina mama hesabu hiyo hugeuka kwa kasi pale hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwazuia wabomoaji, hupungua sana, na katika miaka michache ya kwanza mfupa huondoka haraka. Akina baba nao hawakusalimika, ila kwao jambo hili huchelewa. Wako pia wanaopungukiwa na mfupa kwa sababu nyingine: waliotumia vidonge vya prednisolone kwa muda mrefu, wavutaji sigara, walevi, na watu waliokonda kupita kiasi. Dawa ya tenofovir, ambayo imo katika vidonge vya wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, nayo hupunguza mfupa kwa kiasi. Hapa nasema kwa msisitizo: mtu asithubutu kuacha dawa hizo, kwani ndizo zinazomweka hai. Amwulize daktari wake kuhusu mifupa, basi.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Mtu hatambui kitu mpaka mfupa uvunjike. Mara nyingi huanza mkono karibu na kiganja, au pingili za uti wa mgongo zinazobonyea zenyewe, na mama anaonekana kama anazidi kuwa mfupi na kuinama. Nyonga huja mwisho, na hiyo ndiyo inayowalaza watu wasiinuke tena.

Sasa, kabla ya kufika kwenye sindano, yatupasa sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tujifunze somo moja kutoka katika maji yetu wenyewe. Kila mtu wa hapa anayafahamu meno ya rangi ya kahawia. Yanatokana na madini ya floraidi, ambayo miamba ya volkano huyaachia katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na baadhi ya vyanzo vya Arumeru hukizidi kipimo hicho mara kadhaa. Anayeyanywa maji hayo kwa miaka mingi haishii kwenye meno. Mifupa yake huwa mizito, mgongo na viungo hukakamaa, na watoto wengine hupinda miguu. Ndiyo maana pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kilichojishughulisha kwa miaka mingi na kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwa nini nayaeleza haya? Kwa sababu wako madaktari wa ng'ambo waliowahi kujiuliza: kama floraidi huufanya mfupa kuwa mzito, kwa nini isiwe dawa ya mifupa iliyopungua? Wakajaribu. Mwaka 1990 yalitolewa matokeo ya jaribio la Mayo Clinic, Marekani, lililohusu akina mama 202 kwa muda wa miaka minne. Waliopewa floraidi, uzito wa mfupa wa uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35. Picha zilipendeza. Lakini pingili zao hazikuacha kuvunjika kwa kiasi cha kutegemewa, na mifupa mingine ya mwili ilivunjika mara 72, wakati kwa wenzao ambao hawakupewa ilivunjika mara 24. Mfupa ulikuwa mzito, lakini ulijengwa vibaya, kama tofali la saruji nyingi lisilomwagiliwa maji. Tangu hapo dawa ya mifupa haipimwi tena kwa uzito peke yake. Inaulizwa: je, mifupa imeacha kuvunjika?

Sindano za leo zilipita katika swali hilo. Ya kwanza inaitwa teriparatide, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2002. Asili yake ni homoni inayotengenezwa na tezi nne ndogo zilizoko shingoni. Homoni hiyo ina tabia ya ajabu. Ikiwa nyingi mwilini usiku na mchana, huwaamsha wabomoaji na mfupa huliwa. Lakini ikiingia kidogo, mara moja kwa siku, kisha ikatoweka, wanaoamka ni wajenzi. Wanasayansi walichukua kipande cha homoni hiyo na kukifanya sindano ya kila siku, ambayo mgonjwa hujidunga mwenyewe chini ya ngozi ya paja au tumbo kwa kifaa kama kalamu, sawa na wafanyavyo wenye kisukari.

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la akina mama 1,637 ambao pingili zao zilikwisha kuvunjika. Kati ya waliodungwa maji yasiyo na dawa, 14 katika kila 100 walivunjika pingili nyingine. Kati ya waliopata kipimo kinachotumika leo, cha mikrogramu 20 kwa siku, walivunjika 5 tu. Mwaka 2018 sindano hiyo ikalinganishwa na vidonge vya risedronate, ambavyo huwazuia wabomoaji. Katika miaka miwili waliovunjika pingili mpya ni asilimia 5.4 kwa waliotumia sindano, na asilimia 12 kwa waliotumia vidonge.

Sindano ya pili inaitwa romosozumab, nayo chanzo chake ni huku huku Afrika. Kule Afrika Kusini, miongoni mwa Makaburu, zipo familia chache ambazo watu wake huzaliwa na mifupa minene ajabu, isiyovunjika kwa urahisi. Unene huo huwaletea taabu, maana mifupa ya kichwa hubana mishipa ya fahamu. Mwaka 2001 ilibainika kwamba watu hao wamekosa protini moja inayoitwa sclerostin, ambayo kazi yake ni kuwaambia wajenzi, "Basi, inatosha." Wataalamu wakatengeneza dawa ya kuizima protini hiyo kwa muda. Hudungwa mara moja kwa mwezi, kwa miezi 12, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2019. Katika jaribio la akina mama zaidi ya 7,000, ilipunguza kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 73 katika mwaka mmoja. Hata hivyo, jaribio jingine lilionyesha matatizo ya moyo na kiharusi kuwa mengi kidogo kwa walioitumia. Kwa hiyo aliyepata shambulio la moyo au kiharusi, hasa ndani ya mwaka uliopita, hafai kupewa.

Teriparatide nayo ina masharti yake. Mtu aliyewahi kutibiwa mifupa kwa mionzi, mwenye saratani ya mifupa, au kijana ambaye bado anakua, hapaswi kupewa. Siku za mwanzo wengine husikia kizunguzungu wakisimama ghafla, hivyo ni vizuri kujidunga mahali penye kiti au kitanda. Isitoshe, kalamu yake hukaa kwenye friji, na haitakiwi kuganda. Ikishafunguliwa, baada ya siku 28 hutupwa hata kama dawa imebaki. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwenu, jambo hilo lifikiriwe kabla ya kununua.

Lakini sharti kubwa kuliko yote ni hili, na naomba ulishike. Dawa zinazojenga hutumika kwa muda tu: romosozumab mwaka mmoja, teriparatide kwa kawaida hadi miaka miwili. Zikikoma, na pasitumike dawa nyingine, mfupa uliojengwa huanza kuondoka tena. Ni sawa na mtu aliyejenga nyumba ya tofali mbichi, fedha ikamwishia kabla ya kuezeka. Mvua ikija, ukuta unarudi kuwa udongo. Dawa za kuezekea zipo, nazo ni zile zinazowazuia wabomoaji. Mojawapo ni zoledronic acid, ambayo huingizwa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, ilipunguza kuvunjika kwa nyonga kwa asilimia 41. Nyingine ni denosumab, inayodungwa kila baada ya miezi sita. Hiyo ya mwisho haitaki kuchelewa, kwa maana ukiiacha ghafla bila kupewa nyingine, mfupa huondoka kwa haraka na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mfululizo.

Hapana budi pia tuondoe mkanganyiko mmoja. Mitaani ukisema "sindano ya mifupa," wengi hufikiria ile inayochomwa kwenye goti kutuliza maumivu. Hiyo ni dawa ya kiungo, na haijengi mfupa. Tena mara nyingi huwa ya jamii ya prednisolone, na ikirudiwa rudiwa ovyo inaweza kudhuru. Anayekwambia mtaani kwamba ana sindano ya kuimarisha mifupa, mwulize jina la dawa, na jina hilo ulipeleke kwa daktari kabla ya kuvua koti.

Je, sindano za kujenga zinamfaa kila mzee? La. Bei yake ni kubwa, na zimekusudiwa wale walio katika hatari kubwa: aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili, aliyevunjika zaidi ya mara moja, au ambaye vipimo vyake ni vibaya sana. Wengi wengine husaidiwa na vidonge kama alendronate au dripu ya mwaka, ambavyo bei yake ni nafuu zaidi. Mashine ya kupima uzito wa mfupa haipatikani katika kila hospitali, lakini kukosekana kwake kusiwe kisingizio. Mtu aliyepita miaka 50 akavunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, mfupa wake umekwisha kutoa taarifa.

Na dawa yoyote ile hujenga kwa matofali yaliyopo. Maziwa mgando, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, mboga za majani, jua la asubuhi na kutembea kwa miguu ndiyo matofali yenyewe. Nyumbani, kizingiti kisawazishwe, njia ya kwenda chooni iwe na taa, na ndala zilizolika pekupeku zitupwe.

Bibi wa Kimandolu alifanyiwa upasuaji, na sasa anatembea kwa mkongojo hadi kwenye banda la kuku. Juma lililopita nilimwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia "Marahaba," kisha akanionyesha mkono wake wa kulia, pale ulipovunjika mara ya kwanza. "Mwanangu," akasema, "huu ulisema mapema. Hatukuusikia."

Mwanawe amekwisha kuulizia dawa, na safari hii Bibi amepangiwa siku ya kumwona daktari kwa ajili ya mifupa yake, si kwa ajili ya kidonda cha upasuaji. Nawe msikilizaji, ukifika nyumbani leo mwulize mama au baba swali moja tu: tangu upite miaka 50, umewahi kuvunjika popote? Akijibu ndiyo, msisubiri nyonga.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.