Kabla hujamkataza kurekodi wimbo wa vichekesho

Vicheko vinasikika chumbani. Mwanao na wenzake wanarekodi wimbo wa kuchekesha uliovuma mtandaoni, kwa maneno yao wenyewe. Uwazuie?

Agosti 2016, mchekeshaji wa Japani anayejiita Pikotaro aliweka YouTube wimbo mfupi wa kalamu, tufaha na nanasi. Ulienea dunia nzima, na vijana wakatengeneza matoleo yao. Mwaka 2020, corona ilipoingia, Pikotaro mwenyewe aliugeuza kuwa wimbo wa kunawa mikono. Utani uleule ukabeba ujumbe wa afya.

Kijana anayetunga maneno na kuigiza na wenzake hapotezi muda tu. Anajifunza kujieleza na kushirikiana. Hatari iko kwingine: sare inayotaja jina la shule, au mzaha unaomcheka mwenzao kwa unene au ulemavu wake. Video ikishasambaa, kuifuta kila mahali ni vigumu.

Basi usianze kwa kunyang'anya simu. Mwambie, "Hebu nione kabla hujaituma." Cheka naye panapochekesha, kisha muulize: Mtu asiyetufahamu anaweza kujua unakosoma au tunakoishi? Kuna atakayeumia? Akijibu vizuri, mwache aitume.