Mlima Mmoja, Shamba Moja

Wandugu memba, maji ya mvua hayajui mpaka wa shamba. Ukipanda majani ya kuzuia udongo kwako, na jirani wa juu asipande, maji yanashuka kwake na nguvu, yanakata mstari wako na kupeleka udongo mtoni. Kazi hii haiko ya mtu mmoja.

Tunakumbuka Kalehe. Mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilishusha matope na mawe Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Majani peke yake hayawezi kushika mlima unaoporomoka. Lakini mlima usio na miti wala majani unaachilia maji haraka, na udongo mzuri unakwenda nayo kila msimu.

Huku Walungu na Kabare, shida ya kwanza ni bwasa. Anayelima kwa bwasa hajui kama msimu ujao atakuwa hapo, na desturi haimruhusu kupanda miti. Kwa hiyo anaacha tu. Tunashauri mkulima, mwenye shamba na shefu wa kijiji wakae pamoja kabla ya mvua ya mwezi wa tisa. Waandike mambo matatu: nani atakata majani, nani atayachukua, na kwamba mstari hautang'olewa hata mkulima akiondoka. Waanze na tripsakumu au setaria, maana hizo ni majani, si miti.

Kisha koperative iite salongo. Fungeni miti mitatu mfano wa herufi A, ningʼinizeni jiwe kwa kamba katikati, mpime mistari inayokata mlima bila kupanda wala kushuka. Anzeni juu kabisa, mteremke shamba kwa shamba. Mteremko ukiwa mkali, mistari isogeleane. Tripsakumu inapandwa kwa vipande vya shina vyenye mizizi, mvua ikishaanza.

Mbuzi wafungwe mpaka majani yashike. Yakikomaa, yakatwe na kupelekwa kwa ng'ombe na mbuzi, samadi irudi shambani. Hapo hata aliyelalamika kwamba mstari unakula shamba lake ataona faida.

Kwenye mkutano ujao, mbele ya kuongea mbegu, tuulizane: mlima wetu uko na mashamba mangapi, na nani wa kule juu bado hatujamwita?