Binti Aliyezaliwa na Kasoro ya Ziwa: Je, Inajuzu Kumfanyia Upasuaji?

Himdi zote Anastahiki Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Tunaulizwa na kina mama: binti ameshabaleghe, ziwa moja limeota na la pili halikuota. Anajifungia ndani, na posa ikija analia. Je, kumtibu si kubadilisha maumbile ya Allah?

Kwanza tuijue hali yenyewe. Maziwa kupishana kidogo, hasa mwanzo wa baleghe, ni kawaida na hakuhitaji tiba. Wako wanaozaliwa na upungufu wa msuli wa kifua upande mmoja, ambao Alfred Poland wa London aliueleza mwaka 1841, na ziwa la upande huo likawa dogo au lisiwepo kabisa. Wengine huwa na chuchu ya ziada, au nyama ya ziwa kwapani ambayo huvimba na kuuma wakati wa mimba na kunyonyesha. Haya hutokea mtoto anapoumbika tumboni. Si jini, si hasadi, wala si adhabu ya dhambi za wazee wake.

Hukmu yake

Suratun Nisaa, aya ya 119, inakemea kubadilisha maumbile ya Allah. Na Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inawalaani wanaochonga meno kwa kutafuta uzuri. Kuondoa dosari ni jambo jingine. Swahaba Arfaja bin As'ad alikatika pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume akamuamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume ni haramu. Kwa msingi huu, Majma' ya Fiqhi ya Kimataifa ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo.

Masharti

1. Iwe kasoro ya kweli kwa ushahidi wa daktari muaminifu, si kuiga picha za mitandaoni.
2. Binti akamilike kukua, na aridhie mwenyewe.
3. Faida ishinde madhara. Waulizeni madaktari: silikoni haidumu maisha yote, na baadhi ya operesheni hupunguza uwezo wa kunyonyesha.
4. Atangulizwe daktari mwanamke. Asipopatikana, mwanamme atafunua kiasi cha haja tu, na pasiwe na faragha.

Kuhusu ndoa

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, aibu zinazompa mume haki ya kuvunja nikaha zimehesabiwa, na kukosa ziwa si miongoni mwao. Hata hivyo, mchumba kuelezwa mapema kwa sitara ni bora kuliko kufichwa.

Upasuaji huu ni ruhusa, si wajibu. Binti akiridhika na umbile lake, asilazimishwe. Akitaka kutibiwa, asiitwe mwenye imani haba. Na anayemcheka ndiye mwenye kosa mbele ya Allah.

Wa Allahu a'lam.